Somo la 8: Bustani Nyuma ya Nyumba

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 2:8–15, Mwa. 3:17–19, Mwa. 8:20–22, Isa. 28:23–29, Kumb. 11:10–17, Yak. 5:7, 8; Luka 13:6–17; Kut. 34:21, Mk. 4:26–29.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 8:22. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha liandike kwa mkono wako mahali utakapoliona kila asubuhi juma hili.

Kijiji cha Paje kiko kwenye pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Wageni hukijua kwa mchanga wake mweupe na pepo zake. Wenyeji hukijua pia kwa mawe yake. Ukipiga jembe nyuma ya nyumba, mara hulia juu ya jiwe la matumbawe. Udongo upo, lakini umejificha katika vishimo kati ya mawe, kiganja hapa na beseni pale. Upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye mikarafuu, udongo ni wa kina na mvua ni nyingi zaidi. Huku mashariki ni uwanda wa mawe, na mvua huwa haba.

Hata hivyo watu wamelima hapa tangu zamani. Muhogo husimama katika ufa wa jiwe. Kunde hutambaa juu ya mwamba. Mpapai huota kando ya bafu, pale maji yanapomwagika. Akina mama hupanda mchicha na bamia ndani ya magunia, ndoo zilizotoboka na matairi ya zamani, na kila chombo huwa bustani ndogo.

Juma hili tutaingia katika bustani ya namna hiyo na kuifuata mwaka mzima: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Mkulima wa uani hawezi kuiita mvua, wala hawezi kuuzuia upepo. Anachoweza ni kujua wakati, kufanya sehemu yake, na kungoja. Maandiko huirudia hali hiyo mara kwa mara kwa sababu ndiyo hali ya kila aaminiye.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

---

JUMAPILI

Bustani ya Kwanza na Ardhi ya Mawe

Soma Mwanzo 2:8–15. Ni nani aliyepanda bustani ya kwanza, na mwanadamu alipewa kazi gani mbili ndani yake?

______________________________

Kabla Biblia haijataja mji, soko, jeshi au hekalu, inataja bustani. Mungu mwenyewe ndiye aliyeipanda. Kisha akamweka mwanadamu humo ili ailime na kuitunza. Kulima ni kuifanya ardhi izae, na kutunza ni kuilinda isiharibike. Mtu anaweza kulima bila kutunza: akavuna leo na kuacha ardhi imechoka kesho. Kazi zote mbili zilitolewa pamoja, na zilitolewa kabla ya dhambi. Kwa hiyo jasho ndilo lililokuja baadaye. Kazi yenyewe ilikuwa zawadi.

Soma Mwanzo 3:17–19. Ni nini kilichobadilika baada ya dhambi, na ni nini ambacho hakikubadilika?

______________________________

Miiba iliongezeka, na chakula kikaanza kupatikana kwa taabu. Lakini angalia: ardhi iliendelea kuzaa. Mungu hakuiondoa mbegu duniani. Baada ya Gharika alithibitisha jambo hilo kwa ahadi kwamba kupanda na kuvuna havitakoma maadamu dunia idumupo (Mwa. 8:22). Ahadi hiyo ilitolewa wakati dunia ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika maji. Hakukuwa na shamba hata moja lililosimama.

Mkulima wa Paje anaielewa taabu ya Mwanzo 3 kwa mikono yake. Asipokuwa na udongo hana budi kuutengeneza. Hukusanya mawe na kuyapanga kuzunguka kitanda cha mboga, kisha hujaza ndani majani makavu, maganda ya ndizi na muhogo, majivu kidogo, samadi ya mbuzi na mchanga kiasi. Huumwagilia mchanganyiko huo na kuugeuza kwa majuma mengi hadi uwe mweusi na kunukia kama msitu baada ya mvua. Mawe yaliyomzuia kulima sasa ndiyo yanayoushika udongo wake usichukuliwe na maji.

Tafakari: Je, kuna jambo gumu katika maisha yako ambalo umekuwa ukiomba liondolewe, lakini ambalo Mungu anaweza kulitumia kama ukingo wa kushikilia kitu chema?

---

JUMATATU

Mkulima Hufundishwa na Mungu Wake

Soma Isaya 28:23–29. Mkulima katika mfano huu anajuaje lini alime, lini apande, na namna ya kupura kila zao? Nabii anasema ujuzi huo umetoka wapi?

______________________________

Isaya anauliza swali ambalo jibu lake liko wazi: je, mkulima hulima siku zote bila kupanda? La. Akiisha kusawazisha ardhi hupanda kila mbegu mahali pake. Na wakati wa kupura hatumii chombo kimoja kwa mazao yote, kwa maana mbegu ndogo hupigwa kwa fimbo tu. Nabii anasema maarifa haya ya kawaida, yasiyoandikwa katika chuo chochote, yametoka kwa Bwana.

Watu wa pwani yetu wana hazina ya maarifa kama hayo. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka katika majira yote. Mkulima na mvuvi hawawezi kuufuata kwa kazi zao, maana mvua hufuata jua. Hivyo wazee wa pwani waliuhesabu pia mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, wakaugawa katika miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo walijua mwongo wa kuchoma magugu, wa kupanda na wa kuvua. Makunduchi, kusini mwa Paje, mwaka huo huadhimishwa hadi leo kila Julai.

Bustani ya uani Paje huenda hivi:

*Kiangazi (Desemba hadi Februari).* Pepo za kaskazi huvuma na jua ni kali. Huu si wakati wa kupanda sana. Ni wakati wa kutengeneza mboji, kuchimba mashimo, kukausha mbegu za bamia na kunde na kuzihifadhi pamoja na majivu ili zisiliwe na wadudu.

*Masika (Machi hadi Mei).* Mvua kubwa hunyesha. Hupandwa muhogo, mahindi, maboga, kunde na matembele. Vyombo vitobolewe vizuri chini, maana mizizi iliyozama katika maji huoza.

*Kipupwe (Juni hadi Agosti).* Kusi huvuma, hewa ni ya ubaridi na mvua ni kidogo. Tungule, yaani nyanya, hupenda wakati huu kuliko masika, kwa sababu majani yakikaa makavu magonjwa ya ukungu hupungua. Lakini kusi hubeba chumvi ya bahari, kwa hiyo kitanda huwekewa ukuta wa makuti.

*Vuli (Oktoba hadi Desemba).* Mvua fupi hurudi. Hupandwa mazao yanayokomaa upesi: mchicha, kunde, choroko.

Anayepanda tungule katikati ya masika hatakosa bidii. Atakosa mavuno. Bidii isiyojua wakati wake huchosha mwili na kuvunja moyo. Kanisani pia tunaweza kulima mwaka mzima bila kupanda, yaani mipango, vikao na kamati, huku nafsi iliyo tayari kupokea neno ikiachwa mpaka msimu wake upite.

Tafakari: Mfikirie mtu mmoja unayemwombea. Je, yuko katika majira gani sasa: ya kuandaliwa udongo, ya kupandwa, ya kungojewa au ya kuvunwa? Jibu lako linabadilishaje namna utakavyozungumza naye juma hili?

---

JUMANNE

Vuli na Masika

Soma Kumbukumbu la Torati 11:10–17. Musa analinganishaje kilimo cha Misri na kilimo cha nchi ya ahadi? Kwa nini Mungu aliwapeleka watu wake katika nchi inayotegemea mvua?

______________________________

Misri ilikuwa na mto. Mtu aliipeleka mifereji kwa mguu wake na kuimwagilia nchi kama bustani ya mboga. Kanaani ilikuwa nchi ya vilima na mabonde, nayo ilikunywa maji kutoka mbinguni. Kwa macho ya kibinadamu, Misri ilikuwa salama zaidi. Lakini katika Kanaani mkulima aliinua macho yake kila mwaka.

Soma Yakobo 5:7, 8. Mkulima anangoja nini, na Yakobo anaifananisha subira hiyo na nini?

______________________________

Sisi Waadventista tumezoea kusema juu ya mvua ya vuli na mvua ya masika tunapozungumzia kumwagwa kwa Roho Mtakatifu. Ni maneno ya pwani, nayo ni mazuri. Ila msomaji wa Unguja anapaswa kuwa mwangalifu, maana majira ya Palestina hayafanani na yetu.

Kwetu masika ndiyo mvua ya kupandia. Ndiyo kubwa, nayo mkulima huingojea akiwa na mbegu mkononi. Palestina ilikuwa kinyume. Baada ya kiangazi kirefu kisicho na mvua, mvua ya kwanza ilikuja karibu na Oktoba na Novemba. Hiyo ndiyo iliyolainisha ardhi ngumu na kuotesha mbegu. Mvua iliendelea katika miezi ya baridi, kisha mvua ya mwisho ikaja karibu na Machi na Aprili, nafaka ikiwa tayari imesimama shambani. Mvua hiyo haikuotesha kitu. Ilijaza punje ili zikomae kwa mavuno.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mtu wa Paje akisoma ahadi ya mvua ya masika kwa macho ya bustani yake, anaweza kufikiri: “Nitangoja masika ije, ndipo nianze.” Ataweka mbegu ghalani, ataacha ombi la familia, ataacha toba, ataacha kupatana na ndugu yake, akitazamia kwamba siku moja Roho atashuka kwa nguvu na kuyaanzisha yote. Lakini katika mfano wa Biblia, mvua ya mwisho hukomaza kile ambacho mvua ya kwanza ilikiotesha. Shamba lisilopandwa wakati wa vuli halikuwa na kitu cha kukomazwa wakati wa masika. Mvua ingelinyeshea sawasawa na shamba la jirani, na kesho yake pangeota magugu tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu anayengoja mvua ya masika ni jepesi: ni nini kilichokwisha kuota ndani yako? Hata kama ni jani moja, lipo. Hata kama ni dogo na limeumwa na jua, hilo ndilo Bwana anaweza kulikomaza. Na kama hakuna kitu, neno la Yakobo bado halijafungwa. Neema inayoanza kazi inapatikana leo, kwa anayeomba.

Tafakari: Taja jambo moja ambalo umeliahirisha ukisema “Bwana atakaponipa nguvu.” Je, unaweza kupanda mbegu yake leo kwa nguvu kidogo ulizo nazo?

---

JUMATANO

Mwaka Huu Nao

Soma Luka 13:6–9. Mwenye shamba alikuwa amengoja kwa muda gani? Mtunzaji aliomba nini, naye aliahidi kufanya nini?

______________________________

Mfikirie mama mmoja mwenye bustani ya uani karibu na ufuko. Ameitengeneza kwa miezi sita. Mume wake hayupo, na mchicha huo ndio kitoweo cha watoto wanne na ndio fedha kidogo ya sokoni. Kisima chake kiko hatua chache nyuma ya nyumba. Mwezi wa Februari anamwagilia asubuhi na jioni, tena kwa wingi, kwa sababu jua ni kali. Ndani ya majuma mawili ncha za majani zinageuka kahawia kama zimechomwa moto. Anaongeza maji. Yanazidi kuungua. Anaketi chini kando ya kitanda chake na kusema: “Mungu ameniacha hata katika mchicha?”

Sababu yake iko chini ya miguu yake. Katika pwani ya mawe ya matumbawe maji ya mvua hupenya hadi chini, yakakaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wakati wa kiangazi mvua hakuna, watu huteka sana, tabaka lile hupungua, na chumvi hupanda kisimani. Kila ndoo aliyomwaga kwa upendo iliongeza chumvi katika udongo. Bidii yake ndiyo iliyokuwa ikiua mboga.

Jirani yake, bi kizee aliyelima hapo kabla hoteli hazijajengwa, anakuja na kuonja maji ya kisima kwa ncha ya ulimi. Anatikisa kichwa. “Mwanangu, haya siyo ya kunyweshea. Yaache mpaka masika yaoshe. Weka makumbi chini ya udongo, funika juu kwa majani, na maji ya kuoshea mchele usiyamwage.” Kisha anamletea vipande vitano vya muhogo na tawi la mronge, mimea inayovumilia ukame, apande wakati mvua zikianza.

Ushauri huo ni wa kweli. Makumbi ya nazi yakilowekwa hushika maji kwa muda mrefu. Majani makavu juu ya udongo huzuia jua lisinyonye unyevu. Mboji huisaidia pia ardhi yetu yenye chokaa nyingi, ambamo majani mara kwa mara hugeuka manjano kwa kuwa mizizi haiwezi kuipata chuma iliyomo. Na mvua za masika huosha chumvi iliyobaki.

Sasa rudi katika mfano wa Bwana. Mwenye shamba aliuona mtini usiozaa kwa miaka mitatu, akaona kwamba unaiharibu nchi bure. Mtunzaji hakubisha kwamba mti hauna matunda. Aliomba mwaka mmoja zaidi, na palepale akajitolea kufanya kazi: atapalilia kuuzunguka, atautia samadi. Maombezi yake yalikuwa na jembe ndani yake.

Yuko mtu wa namna hiyo kwa ajili ya kila mmoja wetu. Kristo hasimami mbele za Baba akisema tu “mwachie.” Anachimba. Wakati mwingine kuchimba kwake kunauma, kwa sababu mizizi inaguswa. Wakati mwingine anatumia mkono wa jirani tusiyeshiriki naye imani, mwenye hekima ya miaka mingi na moyo wa huruma. Yule mama aliuliza kama Mungu amemwacha, na jibu liliingia uani likiwa na vipande vitano vya muhogo.

Tafakari: Je, umewahi kuongeza bidii katika jambo ambalo bidii yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiliharibu, labda katika malezi, katika ndoa, au katika kumshawishi mtu aje kanisani? Nani angeweza “kuonja maji” ya kisima chako na kukuambia kweli?

---

ALHAMISI

Bamvua ya Sabato

Soma Kutoka 34:21. Mungu anataja majira gani mawili ya mwaka anapoamuru pumziko la siku ya saba? Kwa nini ayataje hayo hasa?

______________________________

Kupumzika wakati kazi ni chache si jambo gumu. Kwa hiyo amri hii inakwenda moja kwa moja penye jaribu: wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Hapo ndipo siku moja inaonekana ghali.

Wanawake wa Paje wanalijua jaribu hili kwa namna yao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wengi wao wamelima mwani baharini. Kazi hiyo hufuata bamvua, yaani siku ambazo maji hukupwa sana, mara mbili katika kila mwezi mwandamo, karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu. Siku hizo maji hukauka mbali asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Ndizo saa za Shule ya Sabato. Bamvua ikidumu siku sita au saba, mara nyingi Sabato huwa ndani yake. Dada aliyeamua kumtii Mungu husimama mlangoni amevaa nguo za ibada, akiwaona wenzake wakishuka na kamba na vigingi. Miaka ambayo bahari imepata joto kupita kiasi na mwani umeoza kwenye kamba, siku moja ya kazi ina thamani zaidi.

Tusilichukulie jaribu hilo kirahisi. Mapato ya mwani yamewasomesha watoto. Darasa la Shule ya Sabato linalomwambia dada huyo “kuwa na imani” kisha likatawanyika kwenda kula, halijamaliza kazi yake.

Hapa bustani ya uani inaweza kuwa msaada. Haijazi pengo lote la fedha, lakini kitanda cha mchicha, magunia mawili ya bamia na mpapai mmoja hupunguza kile kinachopaswa kununuliwa. Tena kazi ya bustani inaweza kupangwa: Ijumaa, siku ya maandalio, mboga huchumwa na vitanda hunyweshewa vizuri na kufunikwa kwa majani kabla jua halijazama. Udongo uliofunikwa huweza kukaa siku moja bila ndoo.

Na miche michanga katika jua kali la kiangazi, je? Katika Luka 13:10–17, muda mfupi baada ya mfano wa mtini, Yesu anakumbusha kwamba hata wapinzani wake walimfungua ng'ombe siku ya Sabato na kumpeleka kunywa maji. Kuna tofauti kati ya kukihurumia kiumbe kinachokufa na kuigeuza Sabato kuwa siku ya kuendeleza kazi zetu. Kila nyumba ipime jambo hili mbele za Mungu, bila kumhukumu jirani.

Soma Marko 4:26–29. Mkulima anafanya nini usiku, na mbegu inafanya nini wakati huo?

______________________________

Alimwaga mbegu, akalala, akaamka, nayo ikaota asivyojua yeye. Sabato ni mfano huo uliowekwa katika juma. Siku moja kati ya saba mkono wa mkulima unaondoka kitandani, naye hugundua jioni kwamba bustani haikuacha kukua. Kwa mwaka mzima hizo ni siku 52 za kujifunza kwamba yeye siye anayeotesha.

Tafakari: Katika darasa lako yupo nani ambaye utii wa Sabato unamgharimu fedha halisi? Darasa linaweza kufanya nini mwezi huu, mbali na kumwombea?

---

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Mwaka 1894 ndugu zetu wa Australia walikuwa wakitafuta mahali pa kujenga shule. Waliipata ardhi Cooranbong, nayo ilikuwa ya bei nafuu. Mtaalamu wa serikali wa kilimo cha matunda aliikagua na kusema kwamba udongo wake ni duni. Wengine walitaka kuiacha. Ellen G. White alisimama imara kwamba ardhi hiyo ingezaa kama ingelimwa vizuri. Mwaka 1895 alipanda miti ya matunda kwenye kiwanja chake mwenyewe hapo, na miti ikastawi. Shule hiyo, iliyoitwa Avondale, ilifunguliwa mwaka 1897. Katika juzuu ya 6 ya *Testimonies* alishauri kwamba kilimo kiwekwe mwanzoni kabisa mwa elimu ya shule zetu.

Alijua kwamba mwanafunzi anayepanda mbegu hujifunza mambo ambayo kitabu pekee hakiwezi kumpa: kwamba sheria za Mungu hazipindwi kwa haraka yetu, kwamba kila kitu kina majira yake, na kwamba uhai hutoka kwa Mungu. Masomo hayo hayahitaji ekari nyingi. Ndoo moja iliyotoboka, iliyojazwa mboji na kuwekwa kivulini nyuma ya nyumba, inatosha kuanza nayo.

Huko Paje, mvua za kwanza za masika zikianguka usiku juu ya makuti, watu huamka na kuweka ndoo, masufuria na madumu chini ya michirizi. Hakuna anayelala tena. Asubuhi, watoto hutumwa kwa majirani kuomba mbegu, na mbegu hutolewa. Ahadi ya baada ya Gharika imetimizwa mwaka mmoja zaidi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa kutumia kalenda ya Jumatatu, taja majira ya mahali mnapoishi na mazao yanayofaa kila majira. Ni maarifa gani ya wazee wenu wa kulima ambayo vijana wa darasa hawayajui? Nani atawafundisha?

2. Mtu mmoja asema: “Tunangoja mvua ya masika, ndipo kanisa litakapoamka.” Kwa kutumia tofauti ya majira iliyoelezwa Jumanne, mngemjibu nini kwa upole?

3. Soma Yeremia 29:4–7. Watu wa Mungu uhamishoni waliambiwa wapande bustani na kuutafutia amani mji waliokaa. Wengi wetu tunaishi kati ya majirani wasio wa imani yetu. Wakati wa Ramadhani, fungu la muhogo au papai lililopelekwa kwa jirani kabla ya futari laweza kusema nini? Na sisi tunajifunza nini tunapokuwa wapokeaji, kama yule mama wa kisima cha chumvi?

4. Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10. Bustani ya uani ni ndogo. Je, “pembe za shamba” zake ni zipi, nazo ni za nani?

5. Soma 1 Wafalme 21:1–3. Ahabu alilitaka shamba la Nabothi liwe bustani yake ya mboga. Katika pwani ambako viwanja vinauzwa kwa ajili ya hoteli, familia ya Kikristo ipime mambo gani kabla ya kuuza ardhi inayowalisha?

6. Amueni pamoja jambo moja la kutenda kabla ya Sabato ijayo: kila nyumba ipande kitu kimoja, hata katika ndoo. Pangeni nani atampelekea mbegu au mche mwenzetu asiye na chochote, na nani atakwenda kumsaidia kupanga mawe ya kitanda chake.

Machweo ya Ijumaa. Funika vitanda, weka ndoo mahali pake, nawa mikono. Mwaliko wa Sabato ni wa mkulima pia.